UZI: Kiswahili kinabadili mkia wa kitenzi, Kiingereza kinabadili kitenzi chenyewe (say/tell, rob/steal, lend/borrow, rise/raise na wenzao)

#1 Mkia wa Kitenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Maswali ya "say au tell", "borrow au lend", "rise au raise" hayaishi, na majibu yake huwa tafsiri ya neno kwa neno: say ni kusema, tell ni kuambia, basi. Mtu anaondoka na hiyo, kesho yake anaandika "he said me". Tafsiri aliyopewa haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba jozi hizi zinatofautiana zaidi kwa kile kinachoruhusiwa kufuata baada ya kitenzi kuliko zinavyotofautiana kwa maana.

Kwenye Kiswahili kazi hiyo tumeuachia mkia. Mzizi unabaki palepale, mnyambuliko ndio unaosema nani kafanya na nani kafanyiwa: iba, ibia, ibiwa; kumbuka, kumbusha; kopa, kopesha; inuka, inua; lala, laza. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo mara nyingi kinaleta kitenzi kingine kabisa. Mwanafunzi anaponzwa na kichwa chake: ana mzizi mmoja, anautafutia kitenzi kimoja cha Kiingereza, halafu anakibebesha minyambuliko yote.

Tuanze na iba. "Wameiba simu" ni "They stole the phone." "Wameniibia" imeongezeka -ni- ya mtendewa na irabu moja tu mkiani, lakini Kiingereza kinadai "They robbed me." Baada ya steal kinakaa kitu kilichochukuliwa. Baada ya rob anakaa aliyechukuliwa, au mahali: rob a bank, rob a shop. Ukitaka kutaja vyote, kila kimoja kina kihusishi chake: "steal a phone from someone", "rob someone of a phone". Ukiandika "They stole me" umesema wamekubeba wewe mwenyewe. Na "nimeibiwa simu" haiwi "I was stolen my phone". Sema "My phone was stolen" au "I had my phone stolen".

Kipimo ninachopendekeza ni kimoja: weka "me" mara tu baada ya kitenzi.

tell me: inakaa. say me: inagoma.
rob me: inakaa. steal me: inagoma.
lend me: inakaa. borrow me: inagoma.
teach me: inakaa. learn me: inagoma.
remind me: inakaa. remember me: inakaa, ila kwa maana nyingine.

Hiyo ya mwisho ni mtego. "Remember me to your mother" maana yake "nisalimie mama yako". Kwa hiyo ukimwandikia mtu "Please remember me to send the form", msomaji anaanza kwa kudhani unatuma salamu, halafu sentensi inavunjika katikati.

Ongezeni na kurekebisha.

---

#2 Kidaka Maneno

Mkuu, kipimo cha "me" nimekielewa, ila kuna kitu kinanisumbua. Niambie, nioneshe, nipe, nieleze: kwa Kiswahili zote zimekaa sawa. Kwa nini basi tell me, show me, give me zinakubali halafu "explain me" ionekane kosa?

---

#3 Silabi Moja

Kidaka, hapo umegusa mshipa. Vitenzi vinavyoruhusu mtu na kitu vifuatane bila kihusishi, yaani kitondo kisha kipozi, kwa sehemu kubwa ni vile vya asili ya Kiingereza, vifupi, vya silabi moja: give, send, show, tell, lend, teach, bring. Vilivyoingia kutoka Kilatini, wengi wao kupitia Kifaransa, vinataka kitu kwanza, halafu "to", halafu mtu: explain, describe, suggest, introduce, announce, report, donate. Ndiyo maana "give the library some books" ni safi na "donate the library some books" inakwaruza, ingawa tendo ni lilelile.

Nieleze tatizo: "Explain the problem to me."
Nieleze kwa nini mashine ilisimama: "Explain to me why the machine stopped." Hapa mtu katangulia kwa sababu kinachoelezwa ni kirefu, lakini "to" haikumwacha.

Msikilize pia mkazo. Offer na promise ni za Kilatini na bado zinakubali: "offer me", "promise me". Mkazo wake uko silabi ya kwanza. Explain, describe, suggest mkazo uko mwishoni, na zote zinakataa. Si sheria ya chuma, kwani mention ina mkazo mwanzoni na bado inakataa, lakini ukiwa njia panda bila kamusi itakuokoa mara nyingi.

Suggest ina kosa la pili. "He suggested me to go" haikubaliki hata ukiweka to. Ni "He suggested that I go" au "He suggested going". Ukitaka mtu akae katikati, badili kitenzi: "He advised me to go."

---

#4 Bi Nukta

Mleta uzi, kipimo chako ni kizuri lakini kisigeuzwe amri kwamba tell lazima ifuatwe na mtu. Ipo tell isiyo na mtu kabisa: tell the truth, tell a lie, tell a story, tell a joke, tell the time, tell the difference. "He said a lie" ni kosa la kila siku, linatokana na kwetu "kusema uongo". Na "can tell" ni kutambua: "I can tell that she is tired", maana yake naona kabisa kwamba amechoka. Hapo hakuna aliyeambiwa kitu.

Say nayo ina mtu, ila lazima apitie to: "She said to me that..." Ni sahihi, ingawa wenyewe wanapenda zaidi "She told me that...". Say inang'aa pale unaponukuu maneno halisi, na pia maandishi yanaposema: "The notice says the office is closed." Huwezi kuandika "The notice tells the office is closed", kwa sababu tell hapo inamtafuta mtu na haimwoni.

Amri ni za tell: "Alisema niondoke" huwa "He told me to leave."

Speak na talk nizipitie haraka. Lugha ni speak: speak Swahili, speak French. Talk inataka watu wawili wanaojibizana, talk to au talk with. Speak inaweza kuwa ya mtu mmoja mbele ya watu mia. Kwenye simu ya kiofisi ni "May I speak to..."

---

#5 Tafsiri Huru

Naleta pingamizi. Nadharia ya mkia inavunjika kwenye azima. "Nimeazima kalamu" nimechukua mimi. "Niazime kalamu" unatoa wewe. Mzizi mmoja, mkia uleule, pande mbili. Azimisha ipo, lakini wangapi wanaitumia wakiongea? Kwa hiyo hapa Kiswahili hakikusaidii kabisa, inabidi utazame kitu kinaelekea wapi.

Kitu kikija kwa kiima (mtenda wa sentensi): borrow. Kitu kikiondoka kwa kiima: lend.

Ukiomba, "I" inakwenda na borrow na "you" inakwenda na lend: "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?" Sentensi mbili, ombi moja. "Can you borrow me your pen?" imechanganya nusu na nusu. Kihusishi: borrow from, lend to. Wakati uliopita: lend, lent, lent. Sio "lended".

Kitu kisichohamishika au kinachotumika palepale hakiazimwi. Choo, jiko, meza: "Can I use your toilet?" Ukisema borrow wanacheka, wanakuona ukiondoka nacho mgongoni.

Kwenye pango la nyumba mambo yanageuka. Kiswahili kiko wazi, panga na pangisha, kodi na kodisha, halafu Kiingereza ndicho kinachotumia rent pande zote mbili: mpangaji anarent, mwenye nyumba naye anarent. Kuondoa utata, mwenye nyumba mwandikie "rent out" au "let". Hire kwa Uingereza ni ya muda mfupi, kama gari la siku mbili au ukumbi. Kwa Marekani gari nalo ni rent, na hire hubaki zaidi kwa kuajiri mtu.

---

#6 Mkia wa Kitenzi

Pingamizi limepokelewa, Tafsiri Huru. Azima ni mkorofi. Kopa na kopesha ndiyo jozi yenye nidhamu.

Bi Nukta asante. Niongeze jambo kuhusu rob na steal: rob ina harufu ya nguvu. Kwa sheria ya Uingereza, Theft Act ya 1968, wizi hauitwi robbery mpaka kuwe na nguvu au vitisho. Mtu aliyechomolewa pochi kimyakimya bila kujua, kwenye maandishi rasmi kama ripoti ya polisi andika "My wallet was stolen". Ukiandika "I was robbed" msomaji atauliza walikushika vipi. Mitaani wanaitumia kwa ulegevu, hilo sikatai.

---

#7 Wino Mweusi

Ruhusa niingie na rise/raise na lie/lay, maana hapa hata wazawa wa Kiingereza wanateleza.

Inuka, panda: rise, rose, risen. Hakuna shamirisho, yaani kitu kinachotendewa. "Prices rose." "The sun has risen."
Inua, pandisha: raise, raised, raised. Shamirisho ni lazima. "They raised the price." "Raise your hand."

Kwa hiyo "bei imepanda" haiwi "the price has raised". Imepandisha nini? Bei haijapandisha kitu. Ni "the price has risen" au "the price has been raised", na hizi mbili zina siasa yake: ya pili inakiri kwamba yupo aliyepandisha.

Lala chini, kuwa chini: lie, lay, lain, lying.
Laza, tandika, weka: lay, laid, laid, laying.
Danganya: lie, lied, lied, lying.

Tazama mstari wa kwanza na wa pili. Lay ni wakati uliopita wa lie, na papo hapo ni mzizi wa kitenzi kingine. "Yesterday he lay on the floor" ni sahihi. "Yesterday he laid on the floor" tunaisikia kila mahali, ila mhariri ataikata. Kipimo: uliza "alilaza nini?" Ukipata jibu, ni laid: "He laid the book on the table." Usipopata, ni lay. Na ukiona unasitasita, andika "was lying", umetoka salama.

Sasa la kufurahisha. Zamani sana, kabla Kiingereza hakijatengana na ndugu zake Kijerumani na Kiholanzi, lugha hiyo mama ilikuwa na kiambishi cha kutendesha, kama -isha na -esha yetu. Kilikuwa na sauti ya "y" ndani yake, na sauti hiyo mara nyingi iliivuta irabu ya mzizi. Baadaye kiambishi kikachakaa kikapotea, irabu iliyobadilika ikabaki kama kovu. Sit na set, lie na lay, fall na fell ya kuangusha mti, drink na drench: kila jozi ni tenda na tendesha ya zamani. Fell hapo ni kufanya mti uanguke, drench kwa asili ni kunywesha. Raise yenyewe ililetwa na Wanorse, watu wa Skandinavia ya zamani. Mwenzake wa nyumbani kwenye Kiingereza ni rear, ambayo leo ni kulea watoto au kufuga wanyama. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na mkia, ukakatika, na sisi tunajikwaa kwenye kisiki.

Pale ambapo hakuna kitenzi cha pili, wanatumia make: chekesha ni "make someone laugh", liza ni "make someone cry". Make haitaki to: "She made me laugh." Ila ukiigeuza kauli ya kutendwa, to inarudi: "I was made to wait." Let haitaki to, allow inataka: "let me go", "allow me to go". Force nayo inataka.

---

#8 Kidaka Maneno

Wino, hiyo ya kovu nimeipenda. Sasa vaa. Kuna wear, put on, dress, get dressed. Ipi ni ipi?

---

#9 Silabi Moja

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa humu, kwa sababu halihusu vaa peke yake. Linahusu -me-.

"Amevaa kofia." Kwetu -me- inabeba mambo mawili kwa pamoja: tendo limekwisha, na hali iliyotokana nalo ipo bado. Kiingereza kinayatenganisha. Tendo la sekunde chache la kuweka kofia kichwani ni put on. Hali ya kuwa nayo ni wear. Kwa hiyo:

Anavaa kofia, namwona anaiweka: "He is putting on a hat."
Amevaa kofia, iko kichwani: "He is wearing a hat."
Huvaa kofia: "He wears a hat."

"He has worn a hat" ni Kiingereza, ila inasema amewahi kuvaa kofia, labda mwaka juzi. Dress inataka mtu, ni visha: "dress the child". Get dressed ni kuvaa nguo zako zote, na haitaji nguo yenyewe. Kuvua ni take off.

Sasa ichukue kanuni hiyohiyo uizungushe:

amesimama: is standing, anasimama: is standing up
ameketi: is sitting, anaketi: is sitting down
amelala usingizi: is asleep, anasinzia: is falling asleep
ameshika: is holding, anashika: is taking hold of
amekasirika: is angry, anakasirika: is getting angry
imejaa: is full, inajaa: is filling up
nimechoka: I am tired

Umeona kinachotokea? -me- ya hali inatoka na "is" na kivumishi, au "is" na -ing. Si "has". Mtu akiandika "The bus is not leaving because the driver has slept", anataka kusema dereva amelala, lakini msomaji anaelewa kwamba dereva amekwisha kupata usingizi wake na yuko fiti, basi liondoke.

Jua nayo imo humu. Know ni hali. Dakika ile unayopata habari ni find out, au discover, au learn. "Nilijua ukweli jana", kama ndipo ulipoupata, ni "I found out the truth yesterday". "I knew the truth yesterday" inaashiria ulikuwa nao jana, leo sijui umeuweka wapi. Kumfahamu mtu polepole ni get to know.

---

#10 Bi Nukta

Silabi Moja umemaliza kazi. Naleta sikia, mzizi mmoja unaofanya kazi za milango mitatu minne ya fahamu.

Sauti: hear. Ukikusudia kusikiliza: listen to, na hiyo to haiachwi. "Listen me" ni kosa.
Harufu: smell. "I can smell gas", si "I hear a smell" wala "I am smelling gas". Kwa fahamu hizi wanapenda can: I can hear, I can see, I can smell.
Maumivu, baridi mwilini, usingizi: feel. "I feel sleepy."
Njaa na kiu: be. "I am hungry", "I am thirsty". "I feel hunger" inaeleweka, lakini ina sauti ya tangazo la dawa.
Kusikia kwa maana ya kutii: listen. "Mtoto hasikii" ni "The child doesn't listen." Ukiandika "The child doesn't hear" watamtafutia daktari wa masikio.

Ona, tazama na angalia zina mgawanyo wa karibu na see, look at na watch, ila watch ni ya kitu kinachojongea au kinachoweza kubadilika: watch a match, watch the pot. Picha ya ukutani ni look at. Na "I'm seeing" si "naona": "I'm seeing the doctor tomorrow" ni miadi, na "I'm seeing someone" ni mahusiano. Tahadhari hapo.

---

#11 Tafsiri Huru

Kwa wanaoandika barua pepe za kazi: tarajia, tegemea, tumaini, ngoja. Hizi zinaharibu uhusiano bila mtu kujua.

"Tunatarajia jibu lako" kwetu ni adabu. "We expect your reply" kwa Kiingereza ni mkubwa akimwagiza mdogo, na pembeni yake kuna adhabu. Andika "We look forward to hearing from you", na hearing ibaki na -ing kwa sababu to hapo ni kihusishi. "Look forward to hear" ni kosa linaloonekana hata kwa maofisa.

Expect: nina sababu ya kuamini kitatokea, kizuri au kibaya. "We expect heavy rain."
Hope: nakitaka, sina hakika.
Wait for: muda unapita, mimi nipo hapa sasa hivi.

"I'm expecting you at three" maana yake najua utakuja. "I'm waiting for you" maana yake nimeshafika, uko wapi?

Muundo nao unatofautiana. "I expect you to pass" ni sahihi. "I hope you to pass" haipo. Ni "I hope you pass". Na tegemea ya kupanga, "nategemea kusafiri Jumatatu", haiwi depend. Ni "I expect to travel" au "I plan to travel". Depend on ni ya kuegemea: bila hicho, huwezi.

---

#12 Wino Mweusi

Shinda: mechi, zawadi, kesi na uchaguzi ni win, mpinzani ni beat. "We won the match." "We beat them." "We won them" maana yake tumepewa hao watu kama zawadi kwenye bahati nasibu. Beat, beat, beaten. Na "nilishinda nyumbani" ya kukaa mchana kutwa ni "I spent the day at home", isije ikatoka na win.

Kataa: kukataa kufanya ni refuse to, kukana kwamba ulifanya ni deny, inafuatwa na -ing au that. "He refused to sign." "He denied signing." Ya kwanza karatasi haina saini. Ya pili inayo, na yeye anasema si yake. Kukataza ni forbid someone to, au prohibit someone from.

Oa na olewa: Kiingereza hakibagui. "He married her", "She married him", zote sawa, na marry haitaki with. Ukitafsiri olewa moja kwa moja, "She was married by him", umesema huyo bwana ndiye aliyefungisha ndoa.

---

#13 Kidaka Maneno

Do na make je? Hapo mkia hausaidii, zote ni fanya.

---

#14 Silabi Moja

Kanuni ya shuleni, "make ni kuunda, do ni kutenda", inafika nusu ya safari. Uliza: mwisho wa tendo, kuna kitu ambacho hakikuwapo? Make a list, make a plan, make a mistake, make a decision, make a noise, make progress. Kazi inayofanywa ikaisha bila kuzaa kitu kipya: do the washing, do homework, do business, do exercise. Halafu kuna waasi: make the bed, hakuna aliyeunda kitanda, do damage, ingawa uharibifu ni mpya kabisa. Hizo zikariri pamoja na nomino yake, kama unavyokariri "piga pasi" na "piga simu" bila kuuliza nani kapigwa.

---

#15 Mkia wa Kitenzi

Zoezi. Rekebisheni bila kufungua kamusi:

1. He explained me the rules.
2. The temperature has raised.
3. The manager denied to sign.
4. We won them easily.
5. She has slept since morning. (mwandishi alitaka: amelala tangu asubuhi, hajaamka)

---

#16 Kidaka Maneno

1. He explained the rules to me.
2. The temperature has risen.
3. The manager refused to sign.
4. We beat them easily.
5. She is asleep since morning.

---

#17 Silabi Moja

Nne kati ya tano. Ya tano imekuponza kwa sababu uliifuata kanuni yangu ya -me- mpaka ikavuka mpaka wake. "Amelala" peke yake ni "is asleep". Lakini ukishaweka "tangu", Kiingereza kinataka kuunganisha mwanzo na sasa, kwa hiyo has inarudi, ila inarudi na been: "She has been asleep since morning." Vivyo hivyo "amesimama tangu saa mbili" ni "He has been standing since eight". Ukiona since au for ya muda ambao bado unaendelea, rudisha has been. Zikikosekana, baki na is. Na hiyo "saa mbili" kuwa eight ni mtego mwingine, ufunguliwe uzi wake.